Kioo cha Mbele

Binti yangu alikuwa na miaka 6 aliponiuliza, "Mama, samaki wamehama?" Alikuwa amekaa kwenye kochi, hatua tatu tu kutoka kwenye tangi, na samaki wote 12 walikuwa mle ndani wakizunguka mawe yao kama siku zote. Hakuwaona. Kioo kilikuwa kimeota vidoa vya mwani, vya kijani, vya duara, vidogo kuliko punje ya ulezi, vimebanana kiasi kwamba taa ikiwaka ulichokiona ni ukungu wa kijani na vivuli vinavyopita.

Kilichoniuma ni kwamba kioo kile nilikuwa nimekisugua siku tatu kabla. Nilisugua kwa sponji mpaka bega likauma, nikabadilisha maji, nikavuta kiti nikakaa kutazama, nikaona kiko vilevile. Sponji ilikuwa imeondoa utando laini wa juu tu. Vidoa vilibaki vimeng'ang'ania kama ukoga kwenye meno ya mtu asiyepiga mswaki.

Tangi lenyewe lilitengenezwa mwaka 2018 na fundi vioo wa mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50, kioo cha milimita 8. Ukilijaza mpaka ukingoni linachukua karibu lita 200. Nililiweka sebuleni karibu na dirisha la mashariki kwa sababu nilipenda jua la asubuhi liwapige samaki ubavuni. Samaki wenyewe ni wa nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na hawa ni Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika. Wakiwa wadogo ni weusi wenye nukta nyeupe mwili mzima, kama manyoya ya kanga porini. Wakikua, nukta zinafutika na kubaki mkanda mmoja mweupe au wa manjano unaowazunguka katikati. Niliwanunua wadogo, nikawaona wakibadilika mmoja mmoja, na ndiyo maana kile kioo chenye vidoa kilinikosesha raha. Nilikuwa nafuga samaki nisiowaona.

Baada ya swali la mtoto, nikachukua stili waya ya kusugulia masufuria. Nilichagua mpya, nikaisuuza vizuri, nikaingiza mkono. Vidoa vilitoka kweli. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi, mpaka nilipofika chini karibu na mchanga. Punje zikanasa ndani ya stili waya, na mimi sikujua, nikaendelea kusugua kwa nguvu ileile nikipanda juu. Mchanga wa mtoni una chembe ambazo ni ngumu kuliko kioo. Nilipowasha taa usiku nikaona mikwaruzo imechora upinde kutoka pembe ya kushoto mpaka katikati.

Nikamwita fundi aje aone kama inaweza kung'arishwa. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkwaruzo mmoja, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho.

"Dada, hiki umekisugua na nini?"

Nikamwambia.

"Ukucha unakwama. Ungepita bila kukwama ningejaribu kukipiga msasa laini na poda. Huu umeingia." Akatikisa kichwa. "Kioo si sufuria, dada yangu."

Hakunidai hata nauli. Ila kabla ya kuondoka alifungua begi lake akatoa kitu nilichokuwa nimekiona mikononi mwa mafundi mara nyingi bila kukitilia maanani: kipande cha wembe mnene, wenye makali upande mmoja, kimefungwa kwenye mpini. Mafundi vioo hukitumia kukwangulia silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, iliyomwagika na rangi iliyorukia madirishani. Akachukua maji kwenye kikombe, akalowesha kioo cha dirisha langu lililokuwa na matone makavu ya rangi ya siku nyingi, akalaza wembe, akasukuma. Tone likabanduka zima. Kioo kikabaki hakina alama.

"Ulaze," akasema. "Ukiusimamisha unaruka. Sukuma mbele tu, usirudishe nyuma. Na kioo kiwe na maji."

Sisi wafugaji wa samaki wa mapambo tunahangaika kutafuta dawa za chupa, na kumbe mtu anayejua kioo kinakwanguliwaje alikuwa umbali wa nyumba nne.

Nitaeleza ninavyofanya, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwanza nachomoa umeme wa pampu na wa kila kilichomo majini. Mkono wenye kidonda hauingii kwenye tangi, kwa sababu kuna bakteria wa majini wanaopenya kwenye jeraha na kuleta vidonda visivyopona haraka. Nikiwa na mkato navaa glavu ndefu. Wembe unakuwa mpya. Wembe wenye kutu au pengo unakwaruza, na bei yake ni ndogo mno kuulinganisha na kioo kizima. Nalaza wembe kama digrii 30, naanzia chini kwenda juu, na naanzia upana wa vidole viwili juu ya mchanga. Kile kipande cha chini kabisa nakifanya mwisho, baada ya kusogeza mchanga kwa mkono, ili punje isiingie kati ya wembe na kioo. Sumaku zile za kusafishia zina hatari hiyohiyo: ikigusa mchanga mara moja, punje inabaki kwenye kitambaa chake, na kuanzia hapo kila ukiisogeza unachora.

Pembeni siendi na wembe. Pale vioo viwili vinapokutana kuna silikoni, na silikoni ikikatwa hata kidogo maji yatapata njia siku moja. Hapo natumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, au mswaki wa zamani. Mwenye tangi la plastiki ngumu inayofanana na kioo asijaribu wembe kabisa. Kwake ni kadi tu, mwanzo hadi mwisho.

Kuna mlio. Wembe ukipita kwenye kioo safi husikii kitu. Ukikutana na vidoa unasikia mkwaruzo mwembamba, kama mtu anayeparua samaki magamba chumba cha pili, na unauhisi vidoleni. Vidoa vinatoka kwa vipande, vinaelea kidogo, vinaanza kuzama vikizunguka. Visiachwe vizame. Nina mpira wa mita mbili. Navivuta na maji yake kwenye ndoo kabla sijawasha pampu, vinginevyo vinaingia kwenye filta vikaoza humo. Maji ya ndoo namwagia mchicha uani. Mchicha wangu majirani wanauulizia.

Nikadhani nimemaliza. Siku ya nne vidoa vikaanza kurudi, na kwenye mikwaruzo yangu vikarudi kabla ya pengine pote. Mwani ulijaa ndani ya mifereji ile, upinde wote ukaonekana kijani kwenye kioo kilichobaki kikiwa safi. Mpaka leo nikichelewa kusafisha, upinde ule ndio unaonikumbusha.

Neno mwani lenyewe linachanganya watu. Ukimwambia mtu wa Zanzibar una mwani nyumbani, atafikiria ule wanaoufunga kamba akina mama wa Paje na Jambiani, wakauanika na kuuza. Wa kwenye tangi ni ndugu wa mbali, mdogo kiasi cha kuhitaji darubini, na wenyewe una makabila. Ilinichukua mwaka mzima kuyatenganisha.

Tangi likiwa jipya, wiki za mwanzo, kioo kinapata rangi ya kahawia kama chai iliyomwagika. Hao ni viumbe wenye ganda la silika. Kitambaa laini kinawatoa, na mara nyingi wanaondoka wenyewe tangi likishatulia. Asikuuzie mtu dawa. Kuna utando wa kijani kibichi unaokuja kama vumbi, unafutika kwa kidole, kesho umerudi. Kuna unaotanda kama kitambaa chenye utelezi, kijani cha kuelekea bluu, una harufu ya udongo uliooza, ukiuvuta unatoka shuka zima. Huo wanasayansi wanauhesabu kuwa ni bakteria, na wembe hausaidii chochote; unauvuta kwa mpira, unasafisha mchanga, unarekebisha mzunguko wa maji. Halafu ndiyo vile vidoa vya duara, vigumu, ambavyo wembe ndio dawa yake.

Na kuna kitu ambacho si mwani. Kwenye ukingo wa juu wa maji kulikuwa na mstari mweupe, mgumu kama chokaa, wenye ukijani ndani yake. Niliupigania kwa wembe Jumamosi mbili, nikavunja nyembe tatu. Maji ninayotumia ni ya kisima. Ni mazito kwa chumvichumvi za mawe, na hilo linawafaa samaki wa Tanganyika, ambao ziwa lao lina pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, inayokaribia 9. Lakini maji yakipungua kwa joto la Dar, yale madini yanabaki yamekaukia kwenye kioo. Ni chokaa ileile iliyoko ndani ya birika lako. Birika tunalisafisha kwa siki. Nikashusha maji sentimita tano, nikalowesha kitambaa kwa siki nyeupe, nikakibandika juu ya mstari nusu saa. Ukitega sikio unasikia kinachemka kidogokidogo, vipovu vya hewa vinatoka. Baada ya hapo kadi ya plastiki ilitosha. Siki iliyobaki nikaifuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kujaza tena.

Hayo yote yalikuwa ya mkono. Kitu ambacho sikutaka kukitazama ni saa. Siku moja nikahesabu: jua la dirishani linaanza kupiga tangi mapema asubuhi, na taa mimi nazima nikienda kulala saa 5 usiku. Kuanzia saa 12 asubuhi, hiyo ni saa 17 za mwanga kila siku. Ziwani kwenyewe jua linawaka kwa muda wa saa 12 hivi, kisha linazama. Mwani ni mmea kwa tabia: mpe mwanga, mpe mbolea, utaota. Mbolea ilikuwepo tele, kwa sababu nilikuwa nawalisha samaki mara tatu kwa siku. Walikuwa wanakuja kwenye kioo wakiniona, wanafungua midomo, na mimi moyo unalainika, nawatupia unga wa dagaa. Kilicholiwa kikawa kinyesi, kisicholiwa kikaoza, vyote vikaishia kuwa naitreti na fosfeti majini.

Nikaziba upande wa dirishani kwa boksi lililofunikwa kitambaa, maana tangi lenye maji na mawe halisogezwi na mtu mmoja. Taa nikaifunga na saa ya kujizima yenyewe: inawaka saa 9 alasiri, inazima saa 4 usiku. Saa 7, basi.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nilikuwa nimeshapata hasira ya usafi. Jumapili moja nikaamua kumaliza kazi yote kwa mpigo: vioo vyote vinne nikakwangua, mawe nikayatoa nikayasugua bombani kwa brashi mpaka yakawa meupe, sponji za filta nikazikamua chini ya bomba hilohilo la maji yenye klorini, dawa ya kuulia vijidudu. Tangi likang'aa. Nilipiga picha.

Asubuhi ya Jumanne samaki wote walikuwa juu, vinywa kwenye uso wa maji, wanahema. Mapezi yameshikamana na mwili. Wawili walikuwa wamelala kwa ubavu juu ya mchanga, wakifungua mashavu kwa shida.

Nilichofanya ni kuwaua bakteria wanaoishi kwenye sponji na kwenye mawe, wale wanaogeuza amonia, taka ya samaki yenye sumu, kuwa naitriti, kisha naitreti. Bila wao amonia inabaki. Na kwa maji kama yangu ni mbaya zaidi, jambo ambalo sikulijua: katika maji ya pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1, lakini pH ikikaribia 9 katika joto letu hili, inapita theluthi moja. Uchafu uleule, sumu mara nyingi zaidi. Nilibadilisha nusu ya maji asubuhi ile, na theluthi nyingine jioni, maji yaliyolala kwenye ndoo toka jana yake. Chakula sikuwapa siku nne. Wale wawili walikufa. Binti yangu aliwafunga kwenye jani la mgomba, tukawazika kwenye tuta la mchicha, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba ni mimi.

Desemba hiyo tulikwenda Kigoma. Mjomba wangu ujana wake alizamia samaki wa mapambo, wale wanaosafirishwa kwenda nje. Sasa ni mzee, anauza duka. Nilimwamkia, nikakaa, nikamsimulia yote, mpaka lile la kusugua mawe. Alinisikiliza akiwa ameshika mkono wangu.

"Mpwa wangu, ulisugua mawe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Yakawa meupe?"

"Ndiyo."

"Sisi tukizama tulikuwa tunalipita jiwe jeupe. Tulitafuta lenye majani. Hapo ndipo samaki walipo."

Kesho yake alinipeleka Katonga, kwenye mawe ya ufukweni, akanipa miwani ya kuzamia ambayo mpira wake ulikuwa umeungwa kwa uzi. Mimi niliogelea mawe yale utoto wangu wote na sikuwahi kufungua macho chini. Maji ya Tanganyika ni maangavu, unaona mbali. Kila jiwe lilikuwa na zulia, kijani, kahawia, vinyuzi vifupi vinavyopepea. Na kila jiwe lilikuwa na samaki juu yake wakila. Jamaa za samaki wangu, Tropheus, wanakwenda kwa kudonoa: anakuja kwa pembe, anauma ncha za nyuzi, anatikisa kichwa kama mbuzi anayekata jani, anarudi nyuma. Pembeni yao Petrochromis, wakubwa zaidi, midomo minene. Wao wanabandika mdomo mzima kwenye jiwe na kuchana kama wanaopitisha chanuo, wanaokota zile chembechembe zilizonasa katikati ya nyuzi. Jiwe moja, ila kila mmoja na riziki yake. Nilikaa majini mpaka vidole vikakunjamana.

Nikaelewa kwa nini matumbo yao ni marefu, na kwa nini unga wa dagaa kwa wingi ni hatari kwao, kwa sababu Tropheus wakilishwa nyamanyama mno huvimba tumbo na kufa. Nilikuwa nakwangua chakula chao na kukitupa, kisha nawapa chakula kisicho chao, ambacho kilikuwa kinaotesha tena kile ninachokikwangua. Miaka miwili nilizunguka hapohapo.

Niliporudi Tabata nikagawana nao. Kioo cha mbele ni changu, naukwangua mwani wake kila baada ya siku kumi hivi, na siku hizi unaweza kukaa wiki mbili kabla sijaona haja. Vioo vya pembeni na cha nyuma ni vyao, siviwekei wembe. Mawe sigusi. Sponji ya filta naikamua mara moja kwa mwezi, kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, na siku hiyo sifanyi kazi nyingine yoyote ya usafi. Wanakula mara moja kwa siku: vidonge vya mwani, na mara mbili kwa wiki jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto na kuachwa lipoe. Kila Jumamosi natoa theluthi ya maji na kurudisha mapya.

Vidoa vya duara hawavili, niseme wazi. Ni vigumu kwa meno yao. Niliwahi kuweka konokono watatu wenye milia, wale wa jamii ya wanaoishi mikokoni, na wao walijitahidi. Walikuwa wanaacha njia safi nyuma yao kama mtu aliyefyeka. Lakini walitaga mayai meupe kila mahali, madogo kama ufuta, magumu, ambayo kwenye maji yasiyo na chumvi ya bahari hayaleti konokono wapya wala hayatoki. Nikawa nakwangua mayai. Konokono nikampa rafiki mwenye tangi la mimea.

Kioo cha pembeni leo kimefunikwa zulia fupi la kijani, na ukilimulika kwa tochi ya simu kwa upande unaona alama za kudonoa, mistari midogo miwilimiwili, imepishana maelfu. Asubuhi kabla ya shule binti yangu huenda kuisoma. Yeye ndiye anayenishikia tochi siku ya kukwangua, na ana jicho kuliko mimi. Anaona kidoa kimoja nilichoruka nikiwa nimeshakausha wembe.

Mwezi uliopita alikuwa amechuchumaa pale akihesabu, jambo analofanya tangu tuzike wale wawili. Huwa anafika kumi anasimama. Safari hii akaenda mpaka kumi na moja, akanyamaza, akaanza upya. Nikasogea. Jike mmoja tulimwona kidevu kimejaa wiki kadhaa zilizopita na hakuwa anakula vizuri. Jamii hii hulea mayai kinywani karibu mwezi mzima. Binti yangu akanielekeza kwa kidole, bila kugusa kioo, kwenye ile kona ya nyuma ambayo sijaigusa tangu Kigoma. Katikati ya mwani alikuwepo mtoto wa sentimita moja hivi, mweusi, mwenye nukta nyeupe, anadonoa.